Motokaa Kuukuu na Mlima wa Mushaki

Atokaye Goma kwenda Masisi hupita Mugunga, katika nchi ya mawe meusi yaliyotemwa na volkeno, na baada ya kilometa 25 hivi hufika Sake. Hapo njia zagawanyika. Moja huambaa Ziwa Kivu kuelekea Minova na Bukavu. Nyingine hugeukia mlima, hupanda kwa mizunguko mpaka Mushaki, kisha huendelea katikati ya malisho ya ng'ombe na mashamba ya viazi na maharagwe mpaka Masisi Kati. Naye atakaye kufika mbali zaidi hupita Nyabiondo na Kashebere, akishuka kutoka nchi ya baridi mpaka nchi ya joto na msitu mkubwa, yaani Walikale.

Katika siku ambazo njia hiyo i wazi, mtu akisimama Sake kwa saa moja tu ataona madereva wa namna mbili. Wa kwanza akifika chini ya mlima husimama, hufungua boneti, hutazama maji, hukanyaga breki mara mbili tatu, kisha huizunguka motokaa yake akiyakagua matairi moja moja. Wa pili hahesabu kitu ila abiria na magunia. Wote wawili wana motokaa kuukuu, na wote wawili waupanda mlima ule ule. Lakini safari zao si moja.

Tumeandika maneno haya kwa ajili ya madereva hao wawili, na zaidi kwa ajili ya akina mama na watoto waketio juu ya magunia nyuma yao.

Motokaa iliyokwisha kula chumvi

Motokaa nyingi zionekanazo Kivu hazikuja zikiwa mpya. Zilitumika kwanza Japani au kwingineko, wengine wakazinunua Dubai, zikashushwa Mombasa au Dar es Salaam, zikasafiri tena nchi kavu mpaka kwetu. Nyingine zilikuwa za hospitali, za shule au za mashirika ya misaada, zikauzwa zilipochakaa. Mtu wa Masisi aweza kuuza ng'ombe kadhaa, akaongeza akiba ya mkewe na mkopo wa ndugu, ili apate Hilux au Land Cruiser iliyokwisha kutembea kilometa 300,000. Si aibu. Motokaa iliyotunzwa yaweza kutumika miaka mingi baada ya hapo. Lakini mwenye kuinunua na ajue kwamba amenunua mzee, wala mzee hatunzwi kama kijana.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi mnunuzi asidanganywe na rangi mpya. Namba ya kilometa yaweza kurudishwa nyuma na mtu mwerevu, bali mpira wa kanyagio la breki hausemi uongo: ukilika mpaka chuma kuonekana, motokaa hiyo imetembea sana, hata kama saa yake yasema kilometa 80,000. Nenda kuitazama asubuhi, kabla mwenyewe hajaiwasha, maana injini yenye ugonjwa huuficha ikiisha kupata moto. Fungua kifuniko cha mafuta ya injini. Ukiona utando mweupe kama maziwa, huenda maji yameingia katika mafuta, na gharama kubwa yakungoja. Uliza pia kama injini yake ina mkanda wa ndani uzungushao vali. Katika injini nyingi mkanda huo hubadilishwa kila kilometa 100,000 hivi. Ukikatika njiani, vali na pistoni zaweza kugongana, na injini ikafa mara moja. Kama muuzaji hajui ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa kamwe, ukaanze na huo.

Liko jambo jingine. Sheria ya Kongo yatutaka tuendeshe upande wa kuume wa barabara, lakini motokaa zitokazo Japani zina usukani upande huo huo wa kuume. Dereva wake haoni mbele atakapo kulipita lori, na taa zake, zilizotengenezwa kwa nchi zinazoendesha upande wa kushoto, huwapiga machoni wale wanaokuja mbele yake. Fundi mwenye ujuzi aweza kuzibadili au kuzielekeza taa hizo. Kazi hiyo si ya urembo, bali ni ya kuokoa watu.

Kilometa za lami na kilometa za matope

Kitabu cha kiwanda husema: badilisha mafuta ya injini kila kilometa 5,000, au wakati mwingine 10,000. Wengi hulishika neno hilo kwa uaminifu, na bado injini zao hufa mapema. Kwa nini?

Tuhesabu pamoja. Motokaa iendayo katika lami kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa huzimaliza kilometa 5,000 kwa saa 83 hivi. Motokaa ya Walikale, katika matope na mashimo, ikienda kilometa 15 kwa saa, huzimaliza kilometa hizo hizo kwa saa 333. Namba iliyo mbele ya dereva ni moja, lakini injini ya pili imefanya kazi mara 4 zaidi. Tena kazi yenyewe si sawa, kwa maana hunguruma katika gia ya kwanza na ya pili, hewa ya kuipoza ni haba, na vumbi au maji yaipiga kila upande.

Hii ndiyo sababu ya shauri letu kubwa, ambalo twaomba msomaji alishike hata akiyasahau mengine yote: katika njia zetu, usihesabu kilometa peke yake, hesabu na saa. Viwanda vyenyewe hujua jambo hili, na vitabu vingi vina ukurasa unaosema kwamba motokaa ifanyayo kazi ngumu ihudumiwe mapema zaidi. Basi pale kitabu kisemapo 5,000, mwenye kwenda Masisi na Walikale asipite 2,500. Naye apitaye huko kila juma asingoje hata hiyo, bali ahesabu safari. Mafuta machache yatokayo mfukoni kila mara hayalingani na bei ya injini.

Robo saa ya asubuhi

Mfugaji wa Masisi hamkamui ng'ombe wake kabla ya kumtazama. Humtazama macho, miguu, na namna alivyolala. Vivyo hivyo motokaa yataka robo saa kila asubuhi, kabla ya kuwashwa, ikisimama mahali palipo sawa.

Kwanza, mafuta ya injini. Chomoa kijiti, kipanguse, kirudishe, kichomoe tena. Mafuta yawe kati ya alama mbili. Yakipita alama ya juu ni hasara pia, maana hutafuta mahali pa kutokea. Pili, maji ya rejeta, injini ikiwa baridi. Tatu, mafuta ya breki katika kikopo chake. Yakipungua, yanavuja mahali, au vitambaa vya breki vimelika. Nne, mkanda wa feni: uubonyeze kwa kidole gumba, uutazame kama una nyufa. Tano, matairi, pamoja na nati zake. Sita, inama chini ya motokaa, utazame ardhi ilipolala. Tone jeusi ni mafuta, tone la maji latoka rejetani au katika mpira, na tone lenye utelezi karibu na gurudumu ni la breki. Ukiliona hilo la mwisho, usiondoke.

Kazi hii haihitaji fundi. Mtoto mwenye akili wa miaka 12 aweza kuifanya pamoja na baba yake, na kwa njia hiyo hujifunza kazi.

Moshi una maneno yake

Mazungumzo kama haya yaweza kusikika katika gereji yoyote ya Goma au Masisi.

“Jambo, Papa.”

“Jambo sana, mwanangu. Habari za nyumbani?”

“Nzuri, Papa. Lakini motokaa yangu imeishiwa nguvu. Kila nikipanda Mushaki hutoa moshi mweusi, hata pikipiki zanipita. Nifungulie pampu kidogo, mazutu iingie kwa wingi.”

“Chujio la hewa ulilibadilisha lini?”

“Chujio lipi, Papa?”

Mzee hacheki. Hufungua sanduku la chujio, akalitoa, akaligonga juu ya jiwe, na vumbi la kiangazi chote likamwagika chini.

“Tazama, mwanangu. Mtu amezibwa pua, nawe wataka nimwongezee ugali.”

Mzee huyo asema kweli. Injini ya mazutu haina plagi za kuwasha moto kama ile ya esanse. Huibana hewa kwa nguvu mpaka ikawa ya moto sana, kisha mazutu hunyunyizwa ndani yake, ikawaka yenyewe. Hewa ikikosekana, mazutu haiungui yote, na iliyobaki hutoka kuwa moshi mweusi. Tena tukumbuke kimo cha nchi yetu. Penye mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni pungufu kwa karibu sehemu 1 ya 5, hivyo injini isiyo na turbo hupoteza nguvu nyingi hata ikiwa nzima. Kuongeza mazutu hakuleti hewa. Huleta moshi, joto na hasara.

Moshi mweusi, basi, watuambia tutazame kwanza chujio la hewa, kisha nozeli. Moshi wa buluu watuambia kwamba injini inakula mafuta yake yenyewe. Ringi au vali zimechoka. Moshi mweupe asubuhi penye baridi si ajabu, nao hutoweka. Lakini ukidumu, na maji yakawa yanapungua bila kuvuja nje, gasketi ya kichwa cha injini imeharibika. Mwenye kujua maneno haya matatu huenda kwa fundi akiwa na swali, wala habadilishiwi vitu vizima.

Chujio la karatasi hupulizwa kwa upepo kutoka ndani kwenda nje, wala halioshwi kwa maji. Likiisha kupulizwa mara chache, linunuliwe jipya.

Na mazutu yenyewe? Kando ya njia zetu huuzwa katika madumu, na madumu hayo hayajulikani yalikuwa na nini jana. Ndani ya pampu ya injini vyuma vimeachana kwa nafasi ya elfu chache tu za milimeta. Unywele wa mtu ni mnene mara nyingi kupita nafasi hiyo. Punje moja ya mchanga huko ni kama jiwe katika jino. Kwa hiyo acha dumu litulie usiku kucha, mimina polepole kwa kitambaa safi, na usimimine kile kilichobaki chini. Maji hukaa chini, kwa kuwa ni mazito kuliko mazutu. Chini ya chujio la mazutu aghalabu pana skrubu ndogo ya kutolea maji hayo. Ifungue kila juma mpaka mazutu safi itoke.

Maji yachemkapo mapema

Watu wa pwani huchemsha maji kwa nyuzijoto 100. Sisi wa milimani hatufiki huko, maana penye mita 2,000 maji huchemka kwa nyuzijoto 93 hivi. Mama wa nyumbani hulijua jambo hili bila kitabu, kwa kuwa maharagwe yake huchukua muda mrefu kuiva. Dereva naye yampasa alijue, kwa sababu rejeta yake iko katika nchi hiyo hiyo.

Hapo ndipo tuonapo faida ya kile kifuniko kidogo cha rejeta ambacho wengi hukidharau. Kifuniko chenye springi nzima hubana maji, na maji yaliyobanwa hayachemki upesi, bali huvumilia mpaka kupita nyuzijoto 110. Springi ikichoka, au mtu akiziba kwa kitambaa na mpira wa baiskeli, maji hurudi kuchemka mapema na kutoroka. Kifuniko kipya ni kitu cha bei ndogo. Kichwa cha injini kilichopinda kwa joto ni msiba wa mwaka mzima.

Rejeta ina midomo miwili ya kuziba. Nje huzibwa na matope ya Walikale na mbegu za majani ya Masisi. Ioshwe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kwenda nje. Ndani huzibwa na kutu na uchafu wa maji ya mito. Ukishikwa na haja njiani, tia maji ya kijito, ukiyachuja kwa nguo. Lakini ukifika nyumbani yatoe, utie maji safi pamoja na dawa ya rejeta izuiayo kutu. Na kamwe usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto. Mvuke wake huunguza uso na macho kwa nukta moja.

Breki katika mteremko

Tumefika penye jambo lililotufanya tushike kalamu. Motokaa ikikosa nguvu kupanda, watu huchelewa. Motokaa ikikosa breki kushuka, watu hufa.

Fikiri motokaa ya tani 3 pamoja na mzigo wake, ikishuka mita 500 tu kwa kimo. Uzito huo katika kushuka hugeuka kuwa joto, na joto hilo latosha kuchemsha lita zaidi ya 40 za maji ya baridi. Lazima joto hilo liende mahali. Dereva akishuka kwa gia ndogo, injini hulipokea sehemu kubwa, na upepo hulichukua. Dereva akishuka kwa gia kubwa, au akiiachia motokaa bila gia kabisa ili eti asitumie mazutu, joto lote laingia katika breki.

Sasa breki zenyewe hufanyaje kazi? Mguu hukanyaga, na mafuta yaliyomo katika mirija husukuma vitambaa vya breki. Mafuta hayabonyei, kwa hiyo nguvu ya mguu hufika gurudumuni. Lakini mafuta ya breki yana tabia moja mbaya: hunywa maji kutoka hewani, kidogo kidogo, hasa katika nchi ya mvua kama yetu. Mafuta ya breki yaitwayo DOT 3, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya nyuzijoto 205. Yakiisha kunywa maji yaweza kuchemka kwa 140. Yakichemka, mvuke huingia katika mirija, na mvuke hubonyea. Dereva hukanyaga, na mguu wake hushuka mpaka chini kama akanyagaye godoro. Breki zilizokuwa nzuri kule Mushaki zimekuwa si kitu kabla ya Sake.

Watu husema, “Breki zilimkatikia.” Mara nyingi hazikukatika. Zilichemka, na zilichemka kwa sababu mafuta yake hayakubadilishwa miaka mingi, na kwa sababu gia haikutumiwa. Basi twashauri haya.

Mafuta ya breki yabadilishwe yote kila miaka 2, na kwa motokaa ya mlimani kila mwaka, hewa ikitolewa katika kila gurudumu. Kopo likiisha kufunguliwa lisikae miezi, maana nalo hunywa maji. Haifai kamwe kutia humo mafuta ya injini wala maji ya sabuni; mafuta ya injini huvimbisha mipira ya breki, na maji ya sabuni huchemka upesi na kuleta kutu.

Shuka kwa gia ile ile ambayo ungeitumia kupanda, nayo ichaguliwe kabla ya mteremko kuanza. Wala usidhani unapoteza mazutu, kwa kuwa mguu ukiachia kanyagio hali gia imeshika, pampu ya mazutu hukata karibu yote. Asemaye kwamba kushuka bila gia ni akiba hakuhesabu vizuri.

Kanyaga kwa nguvu, kisha achia, ili breki zipate kupoa. Usikae ukizigusa kidogo kidogo njia nzima. Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta mahali pa usalama, simama, weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu, ungoje.

Na ufikapo chini, fanya kama wafanyavyo madereva wazee: zunguka motokaa, ukaribishe kiganja kwa kila gurudumu bila kuligusa. Moja likiwa la moto kupita mwenzake, breki yake imeshika wala haiachi. Moja likiwa baridi, breki yake haifanyi kazi, na wenziwe wanaibeba. Kipimo hiki hakina gharama yoyote.

Mwisho wa neno hili ni mzigo. Breki zilitengenezwa kwa uzito ulioandikwa na kiwanda. Gunia moja la ziada halionekani kwa macho, lakini breki hulijua, na springi za nyuma hulijua.

Msitu, mito na matope

Kutoka Kashebere kwenda Walikale hali hubadilika. Wilaya ya Walikale ina kilometa za mraba zaidi ya 23,000, na sehemu kubwa ni msitu. Mito ni mingi, pamoja na Oso na Lowa, na madaraja mengi ni ya miti. Ugumu wa barabara ulikuwa mkubwa hata kasiteriti ya Bisie ilisafirishwa kwa ndege ndogo miaka mingi, nazo zilitua Kilambo, juu ya kipande cha barabara ya lami.

Huko adui wa motokaa ni maji. Difu, yaani lile sanduku la meno katika ekseli, hupata moto katika safari. Likiingia ghafula katika maji ya mto, hewa ya ndani hupoa na kujikunja, na kuvuta maji kupitia sili zilizochoka. Mafuta yake hugeuka rangi ya kahawa yenye maziwa, na meno huanza kulika kimyakimya. Kwa hiyo baada ya safari ya mito, fungua nati ya difu, utazame. Yakiwa na maji, yatoe yote siku hiyo hiyo. Tia grisi katika kila chuchu ya grisi mpaka ile ya zamani itoke na maji yake. Breki zilizolowa zikaushwe kwa kuzikanyaga polepole mara kadhaa kabla ya kuongeza mwendo. Na daraja la miti litazamwe kwa miguu kwanza. Abiria washuke, wavuke wenyewe.

Msafiri wa huko achukue koleo, kamba, mbao mbili pana za kuweka chini ya jeki na matairi, maji lita 10, mafuta ya injini, mkanda wa feni, mpira wa rejeta, chujio la mazutu, balbu na fyuzi. Vipuri vya bei ndogo mno viogopwe, maana rahisi huwa ghali.

Motokaa iliyolala

Hatuwezi kuandika juu ya njia hizi kana kwamba ziko wazi daima. Mwezi wa Januari 2025 vita vilifika Masisi Kati na Goma, na mwezi wa Machi mwaka huo huo vikafika Walikale Kati. Si mara ya kwanza watu wa huku kuacha safari zao kwa miezi mingi, wakizificha motokaa nyuma ya nyumba.

Motokaa iliyolala huharibika pia. Ondoa waya wa betri, ule wa alama ya kutoa. Achia breki ya mkono, uweke mawe magurudumuni, ili vitambaa visigandamane na ngoma zake. Jaza upepo matairi au ulikalishe gari juu ya magogo. Ziba kwa nguo mlango wa hewa, panya wasijenge humo, ukaandike juu ya usukani kwamba umeziba. Siku ya kuiamsha, usikimbilie ufunguo. Ondoa nguo, toa maji yaliyokusanyika chini ya mazutu, badilisha mafuta ya injini, kanyaga breki, tazama kila mrija. Kisha nenda polepole mahali tambarare kabla ya kuuelekea mlima.

Daftari la nyumbani

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila motokaa iwe na daftari lake, nalo likae nyumbani, si katika motokaa. Humo iandikwe tarehe, namba ya kilometa, safari na saa zake, kilichobadilishwa, bei yake, na jina la fundi. Mama akilishika daftari hilo ni vema zaidi, maana yeye ndiye ajuaye fedha ya sukari na ya shule. Na kila safari irudipo, kabla faida haijagawanywa, fungu la motokaa litengwe kwanza. Mtu akila fungu hilo leo, mwezi wa sita atauza ng'ombe kununua injini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tuna neno pia kwa wasafiri. Aghalabu tunapomwona dereva amesimama kabla ya mteremko, amefungua boneti, amepiga magoti karibu na gurudumu, tunanung'unika. Twasema anatuchelewesha, giza litatukuta. Ndugu msomaji, siku nyingine ukiwa juu ya magunia kule Mushaki, na dereva asimame akague breki zake, mshukuru. Na asiposimama, mwite kwa heshima, umwombe asimame.